Uji wa Kupoza Moyo

Wifi yangu siku hizi anakula kwa mkono wangu, asubuhi, mchana na jioni, na anakula bila chumvi. Naanza na hilo kwa sababu linanifurahisha, na sitaki msomaji anidhanie wema nisio nao. Mkono wake wa kulia umelegea tangu kiharusi kilipompiga, mdomo umepinda upande mmoja, na akitaka kijiko lazima anitazame mimi. Huwa namfanya angoje kidogo, kisha namlisha.

Kuna uji alioninywesha nikiwa ndani ya eda, ukanilaza kitandani. Tangu siku nilipojua ule ulikuwa uji wa nini, nilitaka neno moja tu kutoka kinywani mwake: kwamba alijua. Wakubwa wa familia hapa Mocímboa waliniambia niyaache, yamepita. Rahisi kusema, maana wao hawakuunywa.

Tumbo lilianza kunisumbua watoto wangu wakiwa bado wadogo. Nilihara, nilivimba, nilikonda mpaka kanga ikawa inanining'inia. Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa: minyoo, jini la baharini, jicho la jirani. Mgonjwa kwetu hapewi chakula kizito, anapewa mkate laini wa padaria, yaani duka la mikate, unachovywa kwenye chai mpaka ulegee. Kwa hiyo kadiri nilivyoumwa ndivyo nilivyoletewa mkate, na kadiri nilivyoletewa mkate ndivyo nilivyoumwa. Miaka ilikwenda hivyo, na waliokuwa wakinichovyea walifanya hivyo kwa mapenzi ya kweli.

Vita vilipotufukuza Mocímboa tukaangukia Nampula, kwa jamaa za mume wangu. Sisemi vita vina heri, ila bila vita nisingemfikia yule daktari wa matumbo. Mume wangu ndiye aliyenipeleka, nikiwa nimemwegemea, na dada yake, huyu wifi yangu, akabeba mkoba wangu. Walinitoa damu, siku nyingine wakaniingiza mpira wenye kamera mpaka tumboni. Majibu yalipotoka daktari akasema ninao ugonjwa wa seliaki. Alieleza kwamba ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni. Mimi nikikila, mwili wangu unakiona adui, na katika kupigana nacho unajipiga wenyewe, mpaka vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vinalala chini na chakula kinapita bure. Nikamuuliza kidonge chake ni kipi. Akasema hakuna, dawa ni kuacha kabisa, mpaka kufa, wala chembe moja isiingie.

Akatupeleka kwa mtaalamu wa lishe, msichana mwenye sauti ndogo. Na wifi yangu alikuwepo, nataka hili likumbukwe. Msichana akasema nafaka za kuogopa ni ngano, shayiri na rai. Rai hatutaiona huku, ila shayiri huja ikiwa unga, huwekwa kwenye uji na vinywaji, tuwe macho. Kisha akauliza nani mwingine anapika nyumbani. Wifi akajibu ni yeye. Basi msichana akamwomba azitaje zile nafaka, maana mgonjwa husahau, na wifi akazitaja zote vizuri bila kukwama. Akasifiwa, akacheka. Meno yake ya siku ile nayaona mpaka leo.

Sikumaliza hapo. Nilirudi kwa yule msichana baadaye, nimeanza kunenepa, nimejaa majivuno. Akaniuliza nakula nini siku hizi. Nikamwambia sigusi ngano: nakula muhogo wa kukaanga, samaki wa kukaanga, wali wenye tui zito, na ng'onda, yaani wale samaki wetu wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi. Nilidhani atanipigia makofi. Akasema tumbo nimelifurahisha, je, moyo nimeuuliza? Wenye ugonjwa wangu, akasema, wanatakiwa kuulinda moyo kuliko wengine, na kitu kukosa ngano hakukifanyi kiwe kizuri. Watu wengi wakiachishwa mkate hukimbilia mafuta, chumvi na sukari, tumbo likapona na mishipa ikaziba. Akanifundisha kuchemsha muhogo badala ya kuukaanga, kutumia tui la pili, kula kunde, mbaazi na kisamvu, samaki mbichi wa kuchoma au kuchemsha kwa ndimu, uji wa mtama au wa ulezi, na kutembea kwa miguu kila siku. Niliudhika, maana nilikuwa nimekwisha kunyang'anywa mkate na sasa ananinyang'anya ng'onda. Lakini nilimtii.

Vita vilipotulia tukarudi Mocímboa, na ndipo nilipoona kwamba kuumwa ni afadhali kuliko kupona. Harusi ya kwanza tuliyoalikwa, wanawake walikaa kuzunguka sinia kama desturi, mikono yote sahani moja, chapati zinachanwa juu ya wali, makombo yanaruka kila upande. Mimi ningekula nini pale? Nilikuja na bakuli langu la wali na samaki, nimelifunga kwa kitambaa, nikaketi pembeni. Lakini kwetu anayekuja na chakula chake kwenye shughuli ya watu anasema neno moja tu, kwamba anaogopa chungu cha mwenye shughuli. Wote wakageuka kulitazama bakuli langu. Wifi yangu, aliyejua kila kitu, angeweza kunitetea kwa maneno mawili. Badala yake aliuliza kwa sauti kama mwenzetu anaogopa uchawi wetu au amekuja na wake. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia siku hiyo nikawa Bibi Bakuli, na mialiko ikapungua.

Kisha mume wangu akafa. Alikuwa anavaa kofia aende sala ya Ijumaa, akakaa ghafla kitandani, na hakuinuka tena. Presha ni ya ukoo wao, wanairithishana kama wengine wanavyorithishana minazi. Yeye hakuwahi kupima. Msibani wifi alilia na kusema mbele za watu kwamba kaka yake alinipeleka mimi kwa madaktari wa Nampula, lakini kifua chake mwenyewe hakukipeleka popote. Niliyasikia yale nikiwa chini ya shuka. Yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu ukweli ule yeye aliugeuza kuwa kosa langu.

Nikakaa eda. Mjane kwetu hapiki, anakaa chumbani, na dada za marehemu ndio wanaomhudumia. Jiko langu likachukuliwa na wifi, na mimi nikawa nakula kinachoingia mlangoni. Nilimkumbusha habari ya ngano, akanijibu kwamba anakumbuka. Kila asubuhi akawa ananiletea kikombe cha uji mweupe wenye maziwa na asali. Akasema unaitwa talbina, ni uji wa sunna, wa kupoza moyo wa mfiwa. Mimi nilikulia kwenye uji wa mtama na wa mchele, talbina imekuja mjini na maduka mapya ya dawa za sunna, sikuwa nimewahi kuionja. Nikamuuliza kama ina ngano.

"Wallahi, wifi, hamna ngano hata chembe," akasema.

Aliapa kweli. Ngano haikuwemo. Nikaunywa, nikamshukuru, nikaunywa kesho yake na kila siku iliyofuata. Na uji wenyewe sina ugomvi nao, ni chakula chenye baraka kwa aliye na tumbo zima. Ugomvi wangu ni na aliyeukoroga.

Tumbo likarudi kama zamani. Halafu likaja jipya: nikisimama kwenda kutawadha moyo unapiga mbio, masikio yanavuma, lazima nishike ukuta. Wanawake waliokuja kunijulia hali wakasema ni huzuni, tazama alivyompenda mumewe. Wifi akaitikia kwa kichwa, akasema mapenzi yale hajapata kuyaona, na akaniongezea kikombe cha pili jioni, kwa ajili ya moyo. Binti yangu alipokuja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, akanikuta sina rangi, hakuuliza mtu, akanitoa nikiwa bado ndani ya eda, akanipeleka hospitali huko kwake.

Daktari wa Pemba alinifunua kope za macho, akazikuta nyeupe. Alisema moyo wangu wenyewe hauna ugonjwa, damu ndiyo imekwisha, kwa hiyo moyo unakimbia kuzungusha damu kidogo iliyobaki, na ukiachwa ukimbie hivyo muda mrefu utachoka kweli. Alipoelezwa habari ya seliaki akauliza nimeanza kula kitu gani kipya. Nikasema hakuna, ila uji wa sunna. Binti yangu akatoka, akaenda kwa muuza dawa za sunna wa karibu, akamuuliza talbina ni nini. Yule bwana akamjibu bila kuwaza mara mbili, kama mtu aliyeulizwa chai ni nini: shayiri, maziwa na asali.

Eda ilipokwisha nikaitisha kikao cha familia. Niliyaeleza yote, Nampula, yule msichana wa lishe, nafaka tatu. Wifi akafungua viganja vyake mbele ya wakubwa, akasema yeye si daktari, alisikia ngano tu, hayo mengine hakuyajua, na kwamba alinipa kilicho bora kabisa dukani. Akalia. Machozi yake ni mepesi, yanakuja akiyaita. Wakubwa wakasema asiyejua hana kosa, tupeane mikono. Nikampa mkono. Nilimwambia moyoni kwamba akutendaye mtende, mche asiyekutenda, na nikakaa kungoja.

Sikungoja sana. Yeye ni damu ileile ya kaka yake, na tena alikuwa mtu wa ng'onda na achari, vidonge vya presha alivimeza akiumwa kichwa tu. Siku moja wakamkuta ameanguka uani kwake. Alipotoka hospitali hakuwa na mtu wa kumuuguza. Mume alikwisha kumwacha, mtoto hakujaliwa. Mwanamke wa namna hiyo kwetu anarudi nyumbani kwa kaka yake. Kaka yake hayupo, lakini nyumba ipo, na ndani ya nyumba nimo mimi. Wakubwa wakaja kwa unyenyekevu, wanakohoa mlangoni, hawajui waanzie wapi. Niliwakatisha, nikasema mleteni. Wakanisifu, wakasema mimi ni mwanamke wa peponi.

Muuguzi alikuja naye kunipa masharti: chumvi kidogo mno, ng'onda marufuku, mafuta kidogo, mboga, kunde, samaki wa kuchemsha, vidonge kila siku. Nilimsikiliza nikitabasamu, maana yote nilikuwa nayo tangu Nampula. Kisasi changu kilikuwa kuyafuata neno kwa neno. Niliuza nazi zilizokuwa stoo. Nilimchemshia kunde tupu. Nilimpikia kisamvu bila karanga. Samaki nilimkamulia ndimu basi. Kila nikimtilia kijiko cha kwanza mdomoni uso unaanguka, nami ninakaa mkabala naye nisikose kuuona.

Tena aliniogopa. Hakula mpaka nionje mbele yake, nami nilionja taratibu, nikitafuna na kumwangalia. Asubuhi nilimpelekea uji wa mtama ndani ya kikombe kilekile alichokuwa akinipelekea mimi. Akauliza ni uji gani. Nikamwambia ni wa kupoza moyo. Alikaa na kikombe katika mkono wa kushoto mpaka kikapoa. Nilijua anafikiria nini, na sikumtoa hofu. Mtu akitaka kuniambia huo ni ubaya, aniambie, nitamjibu kwamba ulikuwa mtamu.

Jambo lililoniudhi ni kwamba alipata nafuu. Presha ikashuka, mwili ukapungua, akaanza kuinuka kwa fimbo. Muuguzi akanipongeza mbele ya majirani. Wanawake walewale wa Bibi Bakuli wakaanza kuja kuniuliza nachemsha nini, na mume fulani presha imepanda, na mtoto fulani anavimba tumbo kila akila mkate. Niliwaeleza. Kumbe nimekuwa mwalimu wa mtaa kwa sababu ya chuki.

Lakini wifi alikuwa hana raha, na kitu kimoja kilimtesa kuliko vyote, ng'onda. Mtu wa pwani hii kumnyima ng'onda ni kumfunga. Alinililia, kwanza kwa utani, kisha kwa matusi, kisha kwa kunitajia jina la marehemu. Ndipo nikapata nilichokuwa nakitafuta. Nikaenda sokoni nikanunua ng'onda wa papa, mnene, mwenye chumvi inayoonekana kwa macho, nikamtundika kwenye msumari mkabala na kitanda chake. Nikamwambia siku atakayosema kwamba alijua, siku hiyohiyo nitamchoma na kumlisha mpaka ashibe. Naapa niliyasema kama nilivyoyaandika.

Alikaza. Alitazama ukutani na kunitazama mimi, akarudia kwamba hakujua, na mimi nikamletea kunde. Tulikwenda hivyo mpaka nikaanza kuamini atakufa nalo. Mchana mmoja jirani alikuwa anachoma samaki wa chumvi, moshi ukaingia mpaka chumbani. Nilikuwa napanguza meza. Nyuma yangu nikasikia ananiita, na sauti haikuwa ya kulia.

"Wifi. Nilijua."

Nikaweka kitambaa chini. Nikamuuliza alijua nini, maana nilitaka aliseme lote.

"Nilijua shayiri inakudhuru. Si nilizitaja mwenyewe mbele ya yule msichana? Kaka yangu kafa, wewe upo unapumua, unachagua chakula. Nilitaka uumwe. Kufa sikutaka, Mungu shahidi wangu. Kuumwa nilitaka." Akameza mate. "Haya, nimesema. Nipe."

Nilimtungua papa pale msumarini, nikaenda uani, nikakoka mkaa. Nilikuwa na furaha, sitaki kusema uongo. Nilimchoma mpaka mafuta yakadondoka, nikamweka kwenye sahani, nikarudi nikaketi kitandani pake. Nikachambua mfupa, nikakata kipande cha kushiba kinywa. Alikuwa amefumba macho na kufungua mdomo kabla sijamfikia, ule mdomo uliopinda, kama mtoto anayengoja kulishwa.

Pale ndipo mkono uliponigomea. Niliona mtu mgonjwa aliyefungua mdomo, na mwenye afya ameshika kitu anachojua kitamdhuru, na yule mwenye afya hakuwa wifi safari hii. Nilijilazimisha. Nilijikumbusha ukuta niliokuwa naushika nikienda kutawadha, nikajikumbusha vicheko vya harusini. Mkono ukakataa. Alifumbua macho akanikuta bado nimeshika kipande.

"Uliahidi," akasema.

"Niliahidi."

"Basi nipe."

"Siwezi, wifi," nikamwambia. "Nami najua."

Alinitukana matusi ambayo sikujua anayo. Aliniita mwongo, na hapo alikuwa na haki. Nikatoka na sahani, nikawamwagia paka wa uani yule papa, wakamgombania. Kisha nikachemsha samaki mbichi, nikakamua ndimu, nikamletea. Alikataa, akageukia ukuta, na jioni akala kwa sababu njaa haina kiburi.

Watu wanadhani siku ile nilimsamehe. Sikumsamehe. Nilikuwa nimelingoja neno lile nikiamini kwamba likitoka tu nitakuwa na ruhusa ya kumfanya alivyonifanya. Limetoka, ruhusa ninayo, na kila ninapokaa mbele yake na kijiko naona kwamba sitaweza. Yeye aliweza, tena kila asubuhi, akitabasamu. Hilo ndilo ninalomchukia zaidi kuliko uji wenyewe.